Umri wa Funza Unasomwa Kwenye Kipimajoto

Watu wakishajua kwamba nafuga funza wa kulisha kuku, maswali huwa mawili. La kwanza ni harufu, na jibu lake ni ndiyo, inanuka, ila unazoea. La pili linatoka kwenye tamthilia za upelelezi: "Hivi ni kweli mtaalamu anaweza kumwangalia funza aliyetolewa kwenye maiti, akasema marehemu alikufa Jumanne saa tatu usiku?" Jibu lake ni hapana. Lakini hapana hiyo ina utamu wake, na nimeisoma na kuizungumza kiasi kwamba mke wangu amepiga marufuku mada hii mezani. Basi naileta hapa.

Kilichoniingiza humu si maiti, ni baridi. Huku kwetu Mafinga, ikifika Juni na Julai, mabeseni yaliyokuwa yakitoa funza wanene yanasimama. Chakula kipo, unyevu upo, ila funza wamedumaa. Mwenzangu aliyeko Mlandizi, anayetumia makapi yaleyale na mbegu ileile, anavuna kama kawaida na kunipigia simu kunicheka. Ukishaona hilo kwa macho yako umeelewa nusu ya kazi ya wanaochunguza wadudu kwa ajili ya mahakama. Funza hahesabu siku, anahesabu joto. Nusu iliyobaki ni kujua joto hilo lilikuwa kiasi gani, mahali fulani, katika siku ambazo hakuna mtu aliyekuwa anapima. Hiyo nusu ya pili ndiyo inayowatoa jasho wataalamu kizimbani.

Tarehe 28 Juni 1964, wavulana wawili waliingia kwenye msitu karibu na Bracknell, Uingereza, kutafuta funza wa kuvulia samaki. Walipata funza tele, na chini ya mabonge ya nyasi yaliyopangwa juu ya udongo wakaona maiti ya mwanamume. Polisi walivyoiona ilivyoharibika, walikisia imekaa hapo wiki sita hadi nane. Akaitwa Keith Simpson, daktari wa kuchunguza maiti aliyekuwa na jina kubwa London. Yeye aliangalia funza. Walikuwa wa nzi wa bluu wa Ulaya, jamii ya Calliphora, wakubwa, wamefika hatua ya mwisho ya ulaji, lakini hakuona pupa hata mmoja, yaani funza aliyekwisha kujifunga ganda kabla ya kuwa nzi. Akasema ni siku 9 au 10, na pengine si zaidi ya 12.

Fikiria maana yake kwa mpelelezi. Ukiamini wiki sita, unafungua faili za waliopotea mwezi wa Mei na unazama humo. Ukiamini siku kumi, unafungua faili za katikati ya Juni, na humo mlikuwa na mtu wa Lydney, magharibi mwa nchi, ambaye hakuonekana tangu tarehe 16. Ndiye aliyekuwa pale chini ya nyasi. Kesi ilipofika mahakamani mwaka 1965, walijitokeza mashahidi waliodai kumwona marehemu akiwa hai baada ya tarehe hiyo. Baraza la wazee wa mahakama likawapima watu hao upande mmoja na funza upande wa pili, na mshtakiwa akatiwa hatiani.

Ninachokipenda zaidi katika kazi ya Simpson ni wale pupa ambao hawakuwepo. Funza waliokuwepo walimpa kikomo cha chini, kwamba haiwezekani ikawa pungufu ya siku kadhaa. Kukosekana kwa pupa kulimpa kikomo cha juu. Ila hiki cha pili kina sharti lake. Funza akishashiba huacha chakula, hutambaa mbali, mara nyingine mita kadhaa, na kujifukia kwenye udongo mkavu kabla ya kugeuka pupa. Wale wenye umri mkubwa kuliko wote, ambao ndio hasa unaowahitaji, ndio wa kwanza kuondoka kwenye mwili. Askari anayeokota funza kumi wanaoonekana usoni mwa marehemu, bila kuchimba udongo pembeni, ameokota wadogo zao.

Shuleni tulikariri yai, lava, pupa, nzi kamili, tukaishia hapo. Kinachofaa kwa mahakama kimo ndani ya hiyo lava moja. Anajivua ngozi mara mbili, kwa hiyo ana hatua tatu, na hatua hizo hazikadiriwi kwa macho matupu. Mwalimu wa baiolojia wa sekondari ya jirani huniruhusu kuingia maabara yao Jumamosi, na mara moja moja wanafunzi wake huwepo. Siku moja binti wa kidato cha tatu aliinama kwenye hadubini akapiga kelele: "Mwalimu, macho yake yana mistari!"

"Hayo si macho, mwanangu," Mwalimu akamjibu. "Hapo unamtazama nyuma. Anapumulia huko."

Na ndivyo ilivyo. Vile vidoa viwili vya kahawia unavyoviona kwenye ncha butu ya funza, ambavyo karibu kila mtu huvidhania macho, ni matundu ya hewa. Ncha ya mbele, ile nyembamba, haina macho ya kuonekana. Ina ndoano mbili nyeusi za kukwangulia nyama. Mnyama anayekula akiwa amezamisha kichwa kwenye uji wa nyama iliyooza hana budi kupumulia upande uliobaki nje. Ukikuza kidoa kimoja utaona mipasuko. Hatua ya kwanza mpasuko huonekana kama mmoja. Hatua ya pili ni miwili. Hatua ya tatu ni mitatu, imelala sambamba au imeinama kuelekea sehemu moja, kutegemea aina ya nzi. Hapo hakuna ubishi wa wakili. Mipasuko ni mitatu au si mitatu.

Urefu ni habari nyingine. Mtu anayeanza hushika rula. Tatizo ni kwamba funza hurefuka, hurefuka, kisha hurudi nyuma. Akimaliza kula huanza kumaliza kilichomo tumboni na mwili husinyaa, hivyo funza wa milimita 14 anaweza kuwa ndiyo kwanza anapanda au tayari anashuka, na kati yao kuna siku nzima au zaidi. Kinachosaidia ni kile kifuko cha chakula karibu na kichwa. Anayekula bado, kifuko kimejaa na unakiona kwenye ngozi kama doa jeusi. Aliyeacha kula, doa linapungua hadi linapotea. Na rula yenyewe inadanganyika kirahisi sana, kwa sababu ukimtumbukiza funza hai moja kwa moja kwenye spiriti, anajikunja, anasinyaa na kuwa mweusi. Utaratibu unaokubalika ni kumuua kwanza kwa maji ya moto sana, karibu ya kuchemka, anyooke, halafu ndipo ahifadhiwe kwenye spiriti ya asilimia 80 hivi. Nusu ya funza hawauawi kabisa. Wanapewa maini wakaendelea kukua hadi watoke nzi, kwa sababu funza wa aina mbili tofauti hufanana kama pacha, lakini nzi wakubwa wanatambulika.

Mpaka hapo tumejua amefika hatua gani. Umri bado. Twende kwenye hesabu, na namba hizi ni zangu za mfano tu.

Tuseme maabara imeshapima nzi wa aina fulani na kukuta kwamba kwenye joto lisilobadilika la nyuzi 25, toka yai litagwe hadi funza aingie hatua ya tatu ni saa 60. Tuseme pia chini ya nyuzi 10 hakui kabisa, hicho ndicho kizingiti chake. Kila saa inayopita kwenye nyuzi 25 inamwongezea nyuzi 15 za kukulia. Zidisha kwa 60 unapata 900. Hiyo 900 ndiyo bei anayotakiwa kulipa kufika hapo, popote alipo. Sasa mwili umeokotwa msituni ambako wastani ulikuwa nyuzi 20. Huko kila saa inampa nyuzi 10 tu, kwa hiyo atahitaji saa 90, siku tatu na robo tatu. Lakini vipi kama yule aliyekupa wastani wa 20 alisoma kituo cha hali ya hewa kilichoko mlimani, na pale msituni ilikuwa 22? Gawanya 900 kwa 12, unapata saa 75. Nyuzi mbili tu, na saa 15 zimeyeyuka. Ndani ya saa 15 mtu anaweza kuwa alikuwa kwenye basi la kwenda mkoa mwingine na tiketi anayo mfukoni.

Wanaopenda sayansi iliyonyooka watasema kanuni hii ni ya mstari mnyoofu, na kweli, inashika kwenye joto la kati tu. Karibu na kizingiti na karibu na joto linaloua, mstari unapinda. Ndiyo maana watu kama Grassberger na Reiter wa Vienna, mwaka 2001, walikaa na nzi wa kijani aina ya Lucilia sericata na kuchora ramani nzima ya urefu wa funza kwa kila joto, badala ya kutegemea kipimo kimoja. Kazi ya namna hiyo haina umaarufu wowote. Ni kupima funza usiku na mchana, wiki kwa wiki, halafu kurudia kwenye joto jingine.

Halafu kuna joto ambalo hakuna kituo cha hali ya hewa kitakachokuambia, kwa sababu funza wenyewe ndio wanaolitengeneza. Wakiwa wengi wamebanana, mwendo wao na umeng'enyaji wao huchemsha lile rundo. Zama na kipimajoto katikati ya beseni langu asubuhi ya Julai, wakati nje umande unauma vidole, na usomaji unaruka juu hata ukadhani kifaa kimeharibika. Kwenye maiti, rundo kubwa linaweza kupita hewa ya nje kwa nyuzi kumi, ishirini na zaidi. Funza aliyekulia humo ameishi kwenye nchi yake ya joto peke yake. Hata mochwari jambo hili lina matata. Friji hupunguza mwendo wa kukua, na mtu angependa kusema saa za friji zitolewe kwenye hesabu, lakini rundo likiwa kubwa linaendelea kujipasha moto humohumo ndani kwa muda. Kwa hiyo daftari la mochwari nalo linatakiwa kuonyesha mwili uliingia saa ngapi, friji ikiwa nyuzi ngapi, na funza walitolewa lini.

Yote hayo yakienda sawa, bado hujapata saa ya kifo. Umepata saa ambayo nzi alitaga. Mara nyingi ni karibu sana, maana nzi hawa hunusa mwili ndani ya dakika chache na kutaga machoni, puani, mdomoni na kwenye majeraha. Lakini kwa kawaida hawatagi gizani, mvua huwazuia, na mlango uliofungwa au blanketi huwachelewesha. Kisa ninachokipenda ni cha Lee Goff, mtaalamu wa wadudu wa Hawaii. Aliletewa funza wa mwanamke aliyekutwa amezungushiwa mablanketi. Wadudu walisema siku kumi na nusu, ilhali mwanamke huyo alionekana mara ya mwisho siku 13 kabla. Goff hakulazimisha funza wakubaliane na polisi. Alichukua mzoga wa nguruwe, akaufunga mablanketi kwa namna ileile, akauweka uani kwake na kusubiri. Nzi walichukua siku mbili na nusu kupenya. Hapo hesabu ikafunga.

Na kuna upande wa pili ambao ni mchungu zaidi kuusema: mara nyingine nzi hutangulia kifo. Mgonjwa au mzee aliyetelekezwa na kidonda kisichosafishwa anaweza kutagiwa akiwa hai. Wataalamu huandika "muda mfupi kabisa tangu kifo" wakiwa na tahadhari hiyo kichwani, na funza wa kidondani wamewahi kutumika kuonyesha mtu alitelekezwa kwa siku ngapi kabla hajafa.

Kesi iliyoupa utaalamu huu heshima Uingereza ilitokea kwenye baridi, ndiyo maana mimi mtu wa Mafinga inanigusa. Septemba 29, 1935, kwenye kijito karibu na Moffat, kusini mwa Scotland, vilionekana vipande vya miili ya wanawake wawili. Aliyewakatakata alijua anachofanya. Alama za kuwatambulisha zilikuwa zimeondolewa kwa ustadi wa daktari. Alexander Mearns wa Chuo Kikuu cha Glasgow alipewa funza, akatambua ni wa Calliphora, na akakadiria umri wao ni siku 12 hadi 14. Kurudi nyuma kunakufikisha katikati ya Septemba. Vipande vingine vilikuwa vimefungwa kwenye gazeti la tarehe 15 Septemba, toleo maalumu lililouzwa eneo la Lancaster na Morecambe pekee. Lancaster ndiko alikokuwa daktari Buck Ruxton, mzaliwa wa Bombay, ambaye mkewe na mtumishi wao wa ndani walikuwa wametoweka siku hizohizo. Alinyongwa Manchester tarehe 12 Mei 1936. Tuwe wakweli, gazeti ndilo lililofanya kazi kubwa, pamoja na picha ya mke iliyolazwa juu ya picha ya fuvu. Funza walikubaliana tu na ushahidi uliokuwepo. Ila siku 12 hadi 14 na funza bado hajawa pupa! Kwa joto la Dar es Salaam, muda huo yai lingeshakuwa nzi anayeruka. Mtu aliyejifunzia pwani angewatazama funza wa Moffat akasema siku nne, tano, na kuwapoteza wapelelezi wote.

Kesi ya San Diego ya mwaka 2002 ndiyo ningemsomesha kila anayedhani sayansi ikiingia mahakamani ubishi unaisha. Mwili wa mtoto ulikutwa mahali pakavu nje ya mji, wataalamu kadhaa wa wadudu wakaitwa na pande zote mbili, na kila mmoja akaja na tarehe zake, zikitofautiana kwa siku nyingi. Hawakubishana kuhusu mipasuko ya matundu ya hewa. Walibishana kuhusu joto, na kuhusu nzi kuchelewa kufika kwenye mwili uliokuwa umeanza kukauka. Mshtakiwa alitiwa hatiani kwa ushahidi mwingine.

Sasa sisi. Jedwali la Vienna au Glasgow haliwezi kuhamishiwa Kibaha. Nzi wetu wengi wa kijani wanaofuata mizoga ni wa kundi la Chrysomya, wana mwendo wao, na hata aina moja ya nzi ikikulia nchi mbili tofauti haikui sawasawa. Katika kundi hilo yumo Chrysomya albiceps, ambaye funza wake wana vijiba mwili mzima kama wamevaa manyoya, na wakishafika hatua ya pili wanakula funza wenzao. Nzi aliyewahi kutaga mapema, ambaye watoto wake ndio saa yako, anaweza kukuta ukoo wake umeliwa na waliochelewa. Ukifika siku ya tano unakuta manyoya matupu, na mwanzo wa habari umo tumboni mwao. Familia hii, nikiwa nimegusia, ndiyo pia ya yule nzi anayetaga kwenye nguo zilizoanikwa kivulini, aliyewafanya bibi zetu wasisitize hata nepi ipigwe pasi.

Maiti nyingi kwetu haziwafikii nzi kabisa. Waislamu huzika upesi, mara nyingi siku hiyohiyo, na wengine hukimbizwa mochwari. Wanaobaki ni wale wanaookotwa porini, kwenye mashamba ya mkonge, pembeni ya barabara kuu, ambao mara nyingi hakuna anayejua walipotea lini. Hao ndio wanaohitaji zaidi hesabu hii. Kuwatambua funza si kikwazo kikubwa sana. Wataalamu wa wadudu tunao, tumekuwa tukihangaika na mbu na mbung'o miaka nenda miaka rudi. Kikwazo ni joto, ile nyuzi 20 au 22 ya mfano wangu. Vituo vya hali ya hewa viko mbalimbali, na usomaji wa uwanja wa ndege haukuambii ilikuwaje chini ya mwembe bondeni.

Njia inayotumika kwingine ni rahisi ajabu. Mwili ukishaondolewa, kifaa kidogo cha kurekodi joto kila saa kinaachwa palepale, urefu uleule, kivuli kilekile, kwa siku kadhaa. Kisha rekodi zake zinalinganishwa na za kituo cha hali ya hewa kilicho karibu kwa siku hizohizo, unaona tofauti yao inavyokwenda, na kwa tofauti hiyo unarekebisha siku zilizopita. Kifaa chenyewe hakihitaji kuagizwa kwa mbwembwe. Vya aina hiyo vimo kwenye friji za chanjo katika zahanati nyingi tu nchini, vinarekodi usiku na mchana. Nilimweleza hayo askari mmoja tunayefahamiana, akacheka, akaniuliza nani atalinda kifaa porini kisiibiwe. Nikamwambia akizike kwenye ndoo yenye matundu na juu yake aandike FUNZA.